Gitaa la Kukanyaga

“Kwa hiyo maksai wangu atavuta plau na nani, na hiyo meza yako ya kupigia pasi?” jirani wa Mayunga, mjane, alimfokea kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa.

“Mama, si meza. Ni gitaa.”

“Gitaa lenye miguu minne na pedeli?”

Mayunga alijua kwa nini anafoka. Miaka saba walilima pamoja, maksai wake mmoja na wa mjane huyu mmoja, chini ya nira moja. Juzi mnadani alimuuza wake, akarudi na gitaa hili la mtumba. Bendi ya chama cha ushirika, alimokuwa akipiga gitaa, ilikufa wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia, naye alikuwa amechoka kukaa kimya.

Tangu asubuhi alizichapa pedeli mbiombio kama za cherehani, na gitaa likakoroma tu. Sasa aliinama, akaona kifimbo cha chuma kinachotoka kwenye pedeli kuvuta uzi kimekatika. Akang'oa spoku ya baiskeli, akaikunja ncha, akaiunganisha.

Akagusa uzi, kisha akakanyaga pedeli taratibu, akaishikilia.

Sauti ikapanda polepole, ikilia, hadi kuku wakatulia.

Mjane alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Bendi ile ndiyo iliyopiga siku ya harusi yake.

“Tutalima kwa mkono,” alisema. “Una mgongo huo?”

“Sina, mama.”

“Hata mimi sina. Haya, pita hapo penye uwazi wa ua. Michembe ya viazi imeiva, uje ule.”