Besi Langoni

Tangu asubuhi Mwanakheri alikuwa akipiga gitaa la besi langoni pa kiwanda cha pamba. Muziki ndio uliowashika wafanyakazi waliogoma. Ukinyamaza, watatawanyika, na mabosi ndani walingojea hilo tu, kama mabosi wa zamani walivyongojea baba za wafanyakazi hawa walipogoma. Sasa ncha za vidole vyake zilijaa malengelenge.

“Niyatumbue?”

“Thubutu,” alisema Shebe, mpiga ngoma, akimfunga plasta. “Yakipasuka umekwisha, dada.”

Lakini plasta ilizima sauti, besi ikawa kama inapigwa ndani ya godoro. Watu wakaanza kuondoka. Mwanakheri akaibandua kwa meno, akakunja vidole kiganjani, akapiga kwa dole gumba peke yake. Besi ikanguruma hadi matumboni. Watu wakarudi wakiruka, na nyuma ya Mwanakheri komeo la lango likaanza kusogea: mabosi ndani walikuwa wamechoka kungoja.