Kahawa ya Baba Zuhra

Siku hizi ukimpenda mtu unaweza kumwazima ladha yako: kila mmoja anabandika kibandiko nyuma ya sikio, basi, yeye anaonja na wewe unabaki kinywa kitupu. Tangu maradhi yamwibie Shebe harufu na ladha, mkewe Mwanasiti humwazima yake kila alasiri, kwa kikombe kimoja cha kahawa ya maziwa ya kopo, tangawizi na iliki.

“Imekolea, Baba Zuhra?”

Shebe akafumba macho. “Iliki ya leo, Mama Zuhra! We acha tu.”

Mwanasiti akarudi jikoni roho kwatu. Kinuni akaikuta iliki, imetwangwa vizuri, amesahau kuitia.

Akalamba kijiko cha maziwa ya kopo. Hakuhisi utamu wowote. Ladha yake ilikuwa imeshatoka, kama kila siku. Ila kwa mumewe haikufika. Tangu lini mzee huyu anamdanganya asije akavunjika moyo? Machozi yakamlenga.

“Niongeze kidogo!” Shebe akaita kutoka sebuleni.

Mwanasiti akaitia iliki, akakoroga taratibu, kwa ajili ya mzee wake asiyeonja kitu, na kwa yule mwingine, asiyemjua, aliyekuwa akionja kwa ladha yake kila alasiri.