Mwanya wa Mwanaidi

Milango yote ya mji ilifunguka kwa tabasamu, ila mitambo yake iliudhania mwanya kuwa pengo la jino lililong'oka, ikamkatalia mwenye nao. Mwanaidi alikuwa amechoka kubisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Alipochagua vifuniko vyembamba vya kauri vya kubandikwa kwenye meno, alimsihi daktari, "Niachie japo kamwanya."

"Mlango utakugomea tena, dada."

Basi akakubali uzibwe. Jioni alitabasamu, na mlango ukafunguka papo hapo. Mama yake, ambaye usahaulifu ulikuwa umemwachia vichache vya kukumbuka, alimtazama sana mdomoni, kisha akamsogezea kiti cha wageni.

"Karibu ukae, mwanangu. Mwanaidi hajarudi. Ukimwona tu utamjua, ana mwanya huyo, mashaallah."