Chumvi ya Bi Mwanahawa

Siku hizi simu haiiti mpaka mtambo ukague maneno yako: jina la unayempigia, udugu wenu, na shida yako. Kimoja kikikosekana, inakata.

"Raya, binti yangu. Nataka kumjulia hali tu," alisema Bi Mwanahawa.

"Salamu siyo shida," mtambo ulijibu. "Ombi ni batili."

Mtaka cha mvunguni huinama. Bi Mwanahawa akajifunza kuomba chumvi. Raya aling'amua, akacheka, wakapiga soga mpaka chai ikapoa. Kesho yake akatuma pakiti. Simu baada ya simu, kabati likajaa chumvi, moyo wa mama ukatulia.

Leo asubuhi akaomba tena.

"Ombi ni sahihi kabisa," mtambo ulisema kwa upole. "Chumvi tumeshakuwekea mlangoni. Ya nini kumsumbua mwanao?"