Anwani Aliyoichagua Fabiano

"Usiguse hapo, mdogo wangu!" Fabiano alifoka kutoka mlangoni. "Anwani hiyo niliichagua mwenyewe, na najua nilichochagua."

Alute, vidole kwenye kibodi, aliguna tu. Ati anajua! Ruta ya hapa Singida, mtambo wa kuelekeza intaneti, ilikuwa ikiitafuta ya Manyoni kwa anwani ya ncha ya mkongo. Greda likiukata mkongo barabarani, anwani inakufa nao, Manyoni nzima inakosa intaneti, ingawa njia ya pili, ya minara ya Kilimatinde, ni nzima kabisa. Hapo wao wawili wanadandia pikipiki, wanakwenda kula vumbi na kuuunga. Na kumbe kila ruta ina anwani yake ya ndani, isiyotegemea waya wowote! Ukiitumia hiyo, ruta zinatafutana kwa njia yoyote iliyobaki.

Uzee huo, Alute alijisemea. Shirika la umma lilipobinafsishwa, Fabiano alipunguzwa kazi. Akaingia kwenye kampuni hii ya watu binafsi na kejeli zake na woga usioisha. Alute hakuwa na nafasi ya woga. Mkataba wake wa majaribio ulikuwa ukingoni, na Pendo, mkewe, alikuwa na mimba ya kwanza. Alitaka kazi ya kudumu, basi.

Akabadilisha anwani, huku na Manyoni. Kisha akampigia simu bosi, Dar es Salaam.

Bosi Abdulmajidi alikuja mwenyewe. Hata chai hakuigusa.

"Chomoa mkongo," aliamuru.

Alute akauchomoa. Taa ya Manyoni ikapepesa, ikapepesa tena, ikatulia kijani. Loo! Alijisikia kuruka.

"Kwa hiyo mkongo ukikatika, wateja hawana habari?"

"Hawana habari kabisa, bosi."

"Hata pasipokuwa na mtu hapa?"

"Hata pasipokuwa na mtu!" Alute alijibu, akimtupia Fabiano jicho la ushindi. Fabiano alikuwa akipekua mfuko wa suruali.

"Safi sana, kijana." Bosi alimpigapiga begani. "Basi mkongo ukikatika, mkandarasi atakuja kuuunga kwa nafasi yake, hakuna haraka tena. Naomba funguo za ofisi. Zenu wote wawili."

Za Fabiano zilikuwa mezani tayari.