Joto la Tusekile

Siku hizi kila mtu hupewa fungu lake la umeme, na mtu akifa, fungu lake hukatwa siku ya mazishi. Tusekile alipofariki huko Tukuyu, aliacha mayai ya chatu wake wa kufuga ndani ya mashine ya kutotolea, iliyokuwa ikitumia fungu lake. Mumewe, mzee Anyosisye, akaiunganisha na fungu lake mwenyewe. Jiko na hita vikazimika.

Binti yao Lugano alipokuja kumjulia hali, alimkuta amejifunika mablanketi kando ya mashine, akitetemeka.

“Baba, utakufa kwa baridi kwa ajili ya nyoka?”

“Mama yako aliniomba nisiyaache yapoe, mwanangu. Hakuniomba kitu kingine.”

Wakiwa bado wanabishana, ganda moja likachanika, na kichwa kidogo chenye unyevu kikachungulia. Mzee akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akageukia mlango wa chumbani.

“Tusekile, njoo uone!”

Kisha akakumbuka, akaligeukia tena yai. Lugano akaishika mikono ya baba yake, akaisugua kwa muda mrefu, lakini haikupata joto.