Mstari Mmoja

Tumsifu alilishika faili la mtoto mgonjwa kwa mikono miwili. Ulikuwa mwezi wake wa pili wa mafunzo ya udaktari kwa vitendo, na jana alikuwa ameandika dozi mara kumi ya ile inayotakiwa. Muuguzi aligundua asubuhi, sindano mbili zikiwa zimeshachomwa.

Daktari Nyangeta, bingwa aliyekuwa akimfundisha, alikuwa mtu wa kukohoa tu wodi nzima ikanyamaza.

"Naweza kuiandika upya kwenye karatasi nyingine, daktari," Tumsifu alinong'ona.

Nyangeta alichomoa kalamu mfukoni, akampa. "Kata kwa mstari mmoja. Usifute. Atakayesoma aone ulichoandika. Kisha tia sahihi."

Tumsifu akakata, akatia sahihi. Ile namba ikabaki pale pale, inasomeka vizuri kuliko mwanzo. Nyangeta akaichukua kalamu, akatia sahihi yake chini ya ile ya mwanafunzi wake.

"Jana jioni nilipita hapa, sikusoma," alisema.

Tumsifu akashusha pumzi, akidhani yamekwisha.

"Sasa twende kwa mama yake. Utasema wewe. Mimi nitakuwa kando yako."

Tumsifu akamfuata. Kwenye kitanda cha mwisho mtoto alikuwa amelala, anahema juu juu. Mama yake alipowaona aliinuka haraka, akakifuta kiti chake kwa ncha ya khanga, akamsogezea Tumsifu.

"Kaa, daktari wangu," alisema akitabasamu. "Tangu jana nakuombea."